Ukifunga Januari, umefunga na mvua

"Tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi, nyumba ya matofali yenye paa la bati. Nina sapini, yaani mti wa Noeli, ya plastiki ya mita 1.80, girlandi tatu za taa, mipira ya plastiki karibu sitini, mipira saba ya kioo niliyoachiwa na mama, na pango la Noeli lenye sanamu za plasta. Kila mwaka tarehe 2 Januari bwana wangu anasema Bonane, Mwaka Mpya, imepita, vitu vishuke. Ninafunga kila kitu vizuri: kartoni za maziwa, juu yake sashe kubwa nyeusi, skochi pande zote, kisha kijana anapandisha juu ya plafo, yaani dari. Desemba hii nilipofungua, sapini ilinuka ukungu. Mipira mingine imegandana na nyaya za taa, mingine imepoteza mng'ao na kubaki kama chupa tupu. Girlandi moja haiwaki kabisa, nyingine inawaka nusu. Mchwa wamekula kartoni moja na nyasi zote za pango, na Mtoto Yesu amebanduka uso. Na nilikuwa nimeweka naftalini nyingi! Jirani anasema hivyo ni vitu vya Kichina, nikitaka vidumu ninunue sanduku kubwa la plastiki linalofunga kabisa na niongeze naftalini. Sanduku hilo ni pesa nyingi. Je, ninunue? Na kuna siku maalum ya kushusha mapambo?"

Mama, nikuondolee lawama kwanza: hukufunga vibaya. Ulifunga vizuri mno, ukafunga na mvua ndani.

Nimepamba makanisa na kumbi za ndoa hapa Lubumbashi kwa miaka kumi na tisa, na kilio kama chako ninakisikia kila wiki ya kwanza ya Desemba, watu wanapokata skochi. Karibu wote wanalaumu Uchina. Sisemi kwamba kitu cha bei rahisi ni sawa na cha bei ghali. Lakini sehemu kubwa ya mapambo ya Noeli duniani inatoka China, hasa mji wa Yiwu, pamoja na yale yanayotundikwa Brussels. Tofauti ni kwamba yale ya Brussels hayakulala mwaka mzima chini ya bati la Katuba.

Tuanze na siku yenyewe unayofunga. Noeli yetu inaangukia katikati ya mvua. Inaanza kushika Novemba, inapiga kweli Desemba hadi Februari au Machi, inaachia Aprili. Tarehe 2 Januari nenda jikoni ufungue kikopo cha chumvi: imeshikana, kijiko hakiingii. Hicho kikopo ni kipimo kizuri kuliko vingi vinavyouzwa. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi, na ukungu nao huanza kujisikia nyumbani karibu na kiwango hicho hicho. Kwa hiyo siku ambayo chumvi yako imelowa, usifunge kitu chochote ndani ya plastiki ukakisahau. Haidhuru kikionekana kikavu mkononi.

Watu huniambia: "Lakini nilikamua hewa yote kwenye sashe." Hewa si shida kubwa. Mfuko wa lita 60 ukijaa hewa ya Januari haubebi hata gramu mbili za maji. Maji yako mengi yako kwenye kartoni. Karatasi hunywa unyevu kimya kimya, na kartoni ya kilo moja iliyokaa katika hewa ya mvua inaweza kubeba gramu 100 za maji bila wewe kuona tone. Nyasi za pango ni hivyo hivyo, vitambaa ni hivyo hivyo, plasta nayo inakunywa. Ulipozungusha skochi uliyafungia maji hayo yote ndani na kuyazuia yasitoke.

Kisha ukayapandisha juu ya plafo, mahali pabaya kuliko pote ndani ya nyumba. Mchana jua linapiga bati, na Oktoba joto la pale juu linaweza kupita digrii 50. Kartoni inatoa maji yake kama nguo kwenye kamba, lakini sashe inayazuia. Usiku bati linapoa haraka, sashe inapoa nayo, na ule mvuke unageuka matone upande wa ndani wa plastiki. Umeshaona bati linavyotoa jasho alfajiri? Ndani ya sashe yako palikuwa na bati dogo likitoa jasho kila usiku juu ya sapini, wiki baada ya wiki.

Nayajua haya kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa tatu katika kazi, mwisho wa Januari, nilikunja mapazia meupe ya ukumbi mmoja, mita nyingi tu, nikayatia kwenye sashe na kuyafunga kwa mikono yangu nikijisifu. Mwezi wa tano bibi harusi aliyataka. Nilifungua mbele ya mama yake. Yalikuwa na madoadoa meusi kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nililipa kila mita.

Tangu siku hiyo nafunga mara mbili, na hili ndilo ninalotaka ulichukue hata kama mengine utayaacha. Januari unashusha na kuhifadhi kwa muda tu, katika vitu vinavyopumua. Kufunga kwenyewe kunangoja kiangazi. Chagua siku ambayo hutaisahau: tarehe 30 Juni ni sikukuu ya Uhuru, watu wako nyumbani, mvua imeondoka muda mrefu, hewa ni kavu hadi midomo inapasuka, na chumvi inamwagika kama mchanga. Toa kila kitu, tandaza mkeka kivulini mahali penye upepo, acha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Tikisa vumbi jekundu, kisha funga, na safari hii funga kwa nguvu zako zote. Mvua za Novemba zitakuta mlango umefungwa na ndani ni kukavu.

Kwa miezi ya kati, Januari hadi Juni, vitu vya kupumua unavyo tayari. Mfuko wa mchele wa kilo 25, ule uliofumwa, ukioshwa na kukaushwa ni mzuri kuliko sashe nyeusi. Kitenge cha zamani ni kizuri zaidi. Sapini ikunjie matawi kuelekea juu, ukianza na ya chini, uizungushie kitenge kama unavyombeba mtoto mgongoni, uifunge kwa kamba ya kitambaa. Usitumie zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye chubu ya baiskeli: zikizeeka hunata, na salfa iliyomo hufanya chochote chenye madini ya fedha kiwe cheusi.

Sasa ile mipira iliyogandana na nyaya, ambayo naona ndiyo ilikushangaza zaidi. Hapo unyevu hauna kosa. Ganda la waya wa girlandi ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Bomba ni gumu kwa sababu halikulainishwa. Waya unakunjika kwa sababu kiwandani walichanganya PVC na mafuta maalum ya kulainisha. Mafuta hayo hayatulii. Miaka inavyopita yanahama, hasa penye joto, na yakigusana na plastiki ya aina nyingine yanaingia ndani yake. Mipira mingi ya bei nafuu ni ya polistireni, ndugu wa ile foomu nyeupe inayokuja na televisheni, na polistireni ikiguswa na mafuta hayo inalainika, inanata, inashika chapa ya waya. Ukizungusha girlandi juu ya mipira na kuipeleka chini ya bati, umeipika. Dawa yake haina gharama: waya ukae peke yake, umezungushiwa kipande cha ubao au karatasi kavu, usiguse mipira wala foomu.

Na naftalini, Mama, iliongeza mkosi. Mvuke wake pia hulainisha polistireni, kwa hiyo ulipoiweka nyingi ulisaidia mipira kugandana. Inafukuza nondo wa nguo za sufu. Kwa ukungu haifanyi kitu, na mchwa huyu wa Katanga hataiheshimu. Lakini sababu yangu kubwa ya kukuomba uiache ni damu. Katika sehemu zenye malaria kama zetu kuna watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na wengi wao hawajui. Kwao naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mtoto mchanga hata nguo au blanketi lililokaa na vidonge hivyo linaweza kuleta shida. Tena ni vyeupe, vinafanana na pipi. Mtoto akimeza, au akianza kuwa na macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai nzito, au kupauka na kuishiwa nguvu, usimpe maziwa wala mafuta ya mawese ukingoje. Mpeleke hospitali, na uchukue paketi mkononi.

Nikiwa bado kwa watoto: kama una mishumaa ya betri au nyota yenye kimuziki, toa betri kabla ya kuhifadhi. Zikiachwa ndani huvuja na kuoza chuma. Zile bapa kama kifungo cha shati ni hatari ya namna nyingine: ikikwama kooni mwa mtoto inaweza kuchoma nyama kwa muda wa saa mbili tu. Hapo hata kuuliza jirani ni kupoteza wakati.

Mipira iliyobaki kama chupa tupu haina dawa. Mng'ao wake ni ngozi ya aluminiamu nyembamba sana, na juu yake kuna vanishi. Vanishi ikichubuka, unyevu unaingia na aluminiamu inageuka kitu kisicho na rangi. Wape watoto waipake rangi, au uitupe.

Girlandi inayowaka nusu haijafa. Taa za namna hii zimeunganishwa mstari mmoja kama watoto walioshikana mikono: mmoja akiachia, umeme haupiti, mstari mzima unazima. Girlandi moja huwa na mistari miwili au zaidi, ndiyo maana nusu inawaka. Ichomoe kwenye prizi kwanza, kisha kagua upande uliozima, taa moja moja. Kama taa zake zinachomoka, chomoa utazame miguu yake. Ukiona ukijani, wewe ni mtu wa mji wa shaba, huhitaji kuelezwa: ni ndugu wa malakiti, lile jiwe la kijani linalouzwa kama vinyago na shanga, yaani shaba iliyokula unyevu. Kwangua polepole kwa kisu kikavu, rudisha, jaribu. Nyingi hufufuka.

Ile isiyowaka kabisa ningeishuku kisanduku chake cha kupepesa. Delestaji, yaani mgawo wa umeme, inapokwisha, umeme hurudi kwa kishindo kabla haujatulia kwenye 220, na kisanduku kile kidogo hakivumilii. Umeme ukikatika, chomoa girlandi. Ukirudi, ngoja dakika tano hivi ndipo urudishe. Lakini ukiona waya umetafunwa na panya, prizi imeyeyuka, kuna harufu ya kuungua, au ukigusa mti unahisi kutetemeshwa, hapo usifufue kitu. Sapini nyingi zina mhimili wa chuma. Itupe girlandi, na kama mtetemo unabaki ukiwa na girlandi nyingine, mwite fundi umeme aangalie nyumba.

Kuhusu mchwa. Tunaishi nao, vichuguu vyao vingine pembezoni mwa mji vinapita nyumba kwa urefu, tunafyatulia matofali udongo wake, na mvua za kwanza zikinyesha tunakula kumbikumbi kwa furaha. Mchwa anafuata karatasi, mbao na nyasi, hasa zenye unyevu, na anatembea ndani ya vijia vya udongo ili asikauke. Kwa hiyo kartoni iliyolowa juu ya boriti ni karamu. Usiweke kartoni wala nyasi tena. Nyasi za pango chomea nje kila mwaka, utapata nyingine Desemba bure. Vitu vyako viweke ndani ya chumba, juu ya kabati au juu ya matofali mawili, na kati yake na ukuta acha nafasi ya kupitisha mkono, ili kijia cha udongo kikianza ukione. Jambo moja linanitia wasiwasi zaidi kuliko sapini: wamefikaje juu ya plafo? Wamepanda ukutani au ndani ya mbao. Kabla ya kufikiria mapambo, mtu mwenye kujua paa apande agonge boriti moja moja. Ikilia kama ngoma tupu, hiyo ni kazi ya fundi, na isingoje mwaka mwingine.

Mtoto Yesu amebanduka kwa sababu plasta ilikunywa maji, ikakauka, ikakunywa tena, na rangi juu yake haikuweza kufuata. Usimwanike juani, ufa utaongezeka. Mwache kivulini wiki mbili, kisha mpeleke kwa fundi wa sanamu anayetengeneza zile za parokia; uso ni kazi ya mkono uliozoea. Ukimhifadhi, mfunge kwa kitambaa cheupe, si gazeti, maana wino wa gazeti huhamia kwenye plasta.

Sapini yenyewe itapona. Ipeleke nje, jifunge kitambaa puani, na kama kuna mwenye pumu nyumbani asiwe karibu. Futa tawi kwa tawi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha ikauke kivulini siku nzima. Jua kali huifubaza.

Je, ununue sanduku? Si Januari. Sanduku linalofunga kabisa, likifungwa katika mvua, litakuwa sashe nyeusi ya bei kubwa. Ukilinunua Juni ni jambo jema, ila hulihitaji. Ndoo za rangi za lita 20 zenye kifuniko, zikioshwa vizuri, zinafanya kazi hiyo hiyo, panya na mchwa hawapiti kirahisi. Mimi depo yangu nusu ni ndoo za rangi. Sanduku la bati la mwanafunzi wa internati, shule ya bweni, pia ni zuri, mradi ulitandike kitambaa ndani, maana na lenyewe hutoa jasho. Ule ushauri wa kuweka mchele ndani ya soksi ili uvute maji uache: unavuta kidogo sana, na unaita fukusi na panya. Vipakiti vinavyokuja na viatu vipya ni bora, ila vikishashiba maji havifanyi kitu. Ukifunga vikavu Juni, hutavihitaji.

Tarehe ya kushusha, huna dhambi na bwana hana kosa. Kwa Wakatoliki majira ya Noeli yanakwisha na Ubatizo wa Bwana, baada ya Epifania. Wazee wengine waliacha pango hadi tarehe 2 Februari, siku arobaini kamili. Kama bwana ana haraka, mwombe angalau hadi tarehe 4 Januari, sikukuu ya Mashahidi wa Uhuru: yuko nyumbani, atashika ngazi. Anzeni siku ambayo mvua imepumzika, kati ya saa nne na saa nane mchana, hewa ikiwa imekauka kidogo.

Imebaki ile mipira saba ya mama. Kama ni ya zamani, ni ya namna iliyoanzia Lauscha, Ujerumani, karne ya 19: kioo chembamba kilichopulizwa, na mng'ao wake umemiminwa kwa ndani. Usiioshe kamwe. Maji yakipenya chini ya kile kikofia cha juu yanabandua mng'ao, na haurudi. Ipanguse kwa brashi laini ya kunyolea ndevu, iliyo kavu. Hadi Juni ilale kwenye kitambaa, ndani ya kikapu, katika kabati lako la nguo. Tarehe 30 Juni chukua trei ya mayai, ianikwe kwanza, kila mpira shimo lake, trei nyingine juu, ndani ya ndoo yake peke yake, na juu ya kifuniko uandike kwa kalamu nzito ni nini. Ndoo hiyo ibebe wewe mwenyewe. Kijana aendelee na sapini.